Ettore Bugatti: Injini zake zilikosa wateja, leo zinagombewa kwa mamilioni

UKITAJA jina la Bugatti mbele ya shabiki wa soka, wa kwanza kumjia kichwani ni Cristiano Ronaldo. Picha za Mreno huyo akiwa kando ya gari lake aina ya Chiron zimezunguka kwenye simu za watu miaka nenda miaka rudi. Wachache wanajua kwamba Chiron alikuwa mtu. Aliitwa Louis Chiron, mzaliwa wa Monaco, dereva wa mbio, na mwaka 1931 alishinda mbio za nyumbani kwao akiwa ndani ya Bugatti.

Aliyemtengenezea gari hilo ni Ettore Bugatti, Mtaliano mbishi, mpenda farasi, mvaaji kofia za duara, ambaye wafanyakazi wake walimwita Patron, yaani Bosi. Alifariki mwaka 1947. Leo ukitaka injini iliyotoka kiwandani kwake enzi zake, ujiandae kwa mkwanja mrefu na kwa maswali mengi kuliko ya askari wa usalama barabarani. Namba zake zinalingana? Bloku ni lile lile la zamani? Ilikimbia mbio gani, nani alikuwa kwenye usukani?

Ajabu ni kwamba injini kubwa kuliko zote alizounda kwa ajili ya magari, wenye hela wa zama zake waliikataa. Ililala stoo. Ikaishia kuvuta treni.

Ettore alizaliwa Milan, Italia, Septemba 15, 1881. Baba yake, Carlo, alikuwa msanii wa samani, na mdogo wake, Rembrandt, akawa mchongaji wa sanamu za wanyama. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa mikono, na Ettore alitarajiwa afuate njia hiyo. Yeye akavutwa na vyuma. Akiwa bado kijana aliingia kwenye karakana ya Prinetti & Stucchi pale Milan, na mwaka 1901 alionyesha gari la kwanza la kwake mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya De Dietrich ya kule Alsace ikamsajili. Umri wake ulikuwa haujafika wa kusaini mkataba, ikabidi mzee Carlo asaini kwa niaba yake. Ni kama hawa vijana wa akademi wanaouzwa Ulaya huku baba ndiye ameshika kalamu.

Alihama timu mara kadhaa, akafika hadi Cologne, Ujerumani, kwenye kampuni ya Deutz. Mchana alichora injini za mwajiri, na kwenye chumba cha chini cha nyumba yake akaunda kigari chake kidogo. Mwishoni mwa 1909 akaaga, akakodi kiwanda cha zamani cha kutia nguo rangi katika mji mdogo wa Molsheim, Alsace, wakati huo ukiwa chini ya Ujerumani, na akaanzisha chake.

Watu walianza kumtazama vizuri mwaka 1911 kule Le Mans. Fiat iliyoshinda siku hiyo ilikuwa na injini ya lita 10. Nyuma yake, nafasi ya pili, akaingia Ernest Friderich na Bugatti ambayo injini yake haikufika hata lita moja na nusu. Timu ya daraja la pili ilikuwa imefika fainali.

Vita vya Kwanza vilipolipuka mwaka 1914, Ettore aliondoka Molsheim na familia. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka alifukia ardhini magari yake ya mbio ili askari wasiyakute, na vita vilipokwisha akarudi kuyafukua. Alsace sasa ilikuwa mikononi mwa Ufaransa. Mwaka 1921 kule Brescia, Italia, magari yake yalishika nafasi ya kwanza hadi ya nne, na toka siku hiyo aina hiyo ikaitwa Brescia.

GARI LA MASHINDANO

Halafu ikaja Type 35. Ilianza mbio Lyon, Agosti 1924, na siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu, matairi yalichanika hovyo. Baada ya hapo ikawa balaa. Mbio za Targa Florio, kwenye milima ya kisiwa cha Sicily, Bugatti ilizibeba miaka mitano mfululizo, 1925 hadi 1929. Ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa 1926 ukaenda Molsheim. Monaco ilipoanzisha mbio zake mwaka 1929, mshindi wa kwanza alikuwa Williams na Bugatti, mwaka uliofuata René Dreyfus na Bugatti, kisha Chiron naye na Bugatti.

Injini ya Type 35 ilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita mbili tu, baadaye 2.3 na supachaja juu yake. Ukiitazama kwa nje utadhani ni kasha la vito, pande nne bapa, zimepigwa msasa zikang'aa, waya na mabomba vimefichwa. Siri ilikuwa ndani. Krenki yake haikuwa kipande kimoja kama ilivyo kwenye magari ya kawaida. Iliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, ikazungukia kwenye beringi za gololi na za roli, ndiyo maana iliweza kuzunguka kwa kasi bila kunoki wakati wenzake walikuwa wanapasuka. Hiyo krenki hadi leo ndiyo inamtoa jasho mnunuzi. Fundi asiyeijua akiigusa ameiua, na kuifanyia ovahoo kunagharimu fedha ambazo wengine wananunulia nyumba.

Ettore alikuwa na jicho la injini kama skauti mzuri alivyo na jicho la winga. Mwaka 1929 Mmarekani Leon Duray alikwenda Monza na magari mawili ya Miller, yenye injini ndogo lakini zenye kasi ya kutisha. Duray aliishiwa hela. Ettore akamfuata na ofa: nipe hizo mbili, chukua Bugatti tatu mpya. Dili likafungwa. Millers zikapelekwa Molsheim, zikafunguliwa hadi nati ya mwisho, na mwaka 1931 ikatoka Type 51 ikiwa na silinda hedi ya kemshafti mbili juu, mtindo wa Miller. Ndiyo aliyoshindia Chiron nyumbani kwao mwaka huo. Magari matatu kwa mawili, mtu wa nje angesema mzee kapigwa. Yeye hakununua magari, alinunua injini.

Kwa hiyo si kweli kwamba hakujua thamani ya injini. Alijua kuliko karibu kila mtu aliyekuwa hai wakati ule. Ndiyo maana kilichofuata kinauma.

GARI LA WAFALME, WAFALME WAKAKIMBIA

Katikati ya miaka ya 1920 Ettore aliamua kuunda gari la wafalme. Akaliita Royale, Type 41. Injini yake ilikuwa silinda nane, lita 12.7. Hiyo ni karibu sawa na kukusanya injini kumi za Toyota IST ya lita 1.3 na kuzifunga kwenye gari moja. Peke yake ilikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu. Silinda na hedi vilimwagwa pamoja, kipande kimoja cha chuma, na fundi akitaka kusaga valvu ilibidi aishushe injini nzima na kutoa krenki kwanza. Juu ya rejeta alikaa tembo mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya mdogo wake Rembrandt, ambaye alikuwa amefariki tangu 1916.

Mpango ulikuwa kuunda 25. Wakati zinakuja sokoni, uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929. Mfalme Alfonso wa Hispania, aliyetajwa kuwa mteja, akaikimbia nchi yake mwaka 1931. Kuna hadithi kwamba Mfalme Zog wa Albania alitaka moja na Ettore akamkatalia kwa sababu hakupenda anavyokula mezani. Iwe kweli au porojo, inamfanana. Huyu ndiye aliyewaita wapinzani wake Bentley watengenezaji wa malori yenye kasi.

Mwisho zilipatikana Royale sita. Tatu tu ndizo zilizouzwa: moja kwa Armand Esders, tajiri wa nguo Mfaransa aliyetaka gari lisilo na taa za mbele kwa kuwa hakuendesha usiku, moja kwa daktari Mjerumani Josef Fuchs, na moja kwa Mwingereza Cuthbert Foster. Hakuna aliyekuwa na taji. Tatu zilizobaki zikakaa kwa familia.

Kiwandani kulikuwa na zaidi ya wafanyakazi elfu moja na stoo yenye injini za lita 12.7 zisizo na mwenyewe. Kwa hesabu za mwaka 1932, injini hizo zilikuwa hasara iliyopangwa kwenye rafu.

Hapo ndipo Ettore alipookoa jahazi. Reli za Ufaransa zilikuwa zinatafuta mabehewa mepesi yenye kasi, yanayojiendesha bila kuvutwa na kichwa cha treni. Akachora behewa lenye pua iliyochongoka, akapachika ndani yake injini za Royale, nyingine mbili, nyingine nne. Alizipunguza makali, kila moja ikatoa nguvu kama ya farasi 200, ili zidumu. Mwaka 1933 treni hiyo ikaanza kazi kati ya Paris na Deauville, na kwenye majaribio ikavuka kilomita 190 kwa saa. Yaliundwa mabehewa 88. Injini zilizokosa mfalme zikaanza kuwabeba wachuuzi, masista na watu waendao pwani na vikapu vyao, na mishahara ya Molsheim ikalipika.

Mabehewa hayo ndiyo yalilipa mbio zilizofuata. Bugatti ilishinda Le Mans mwaka 1937, ikashinda tena 1939 kwa Jean-Pierre Wimille na Pierre Veyron. Ndiyo, Veyron naye alikuwa mtu.

JEAN

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1936 wafanyakazi waligoma, kama sehemu kubwa ya Ufaransa ilivyogoma mwaka ule. Ettore aliyejiona baba wa kiwanda hakulimeza hilo. Akahamia Paris na kumwachia kazi mwanawe mkubwa, Jean.

Jean alizaliwa 1909, mwaka ambao kiwanda kilizaliwa. Ndiye aliyechora mabodi mazuri kuliko yote ya Bugatti, ikiwemo Atlantic, ambayo ziliundwa nne tu. Ndiye aliyekuwa akimsukuma mzee akubali mambo mapya. Mzee aligoma kuweka breki za mafuta hadi mwishoni mwa miaka ya 1930.

Usiku wa Agosti 11, 1939, Jean alikuwa akilijaribu gari lile lile lililotoka kushinda Le Mans, kwenye barabara ya umma karibu na Molsheim. Mtu wa baiskeli akaingia barabarani. Jean akamkwepa, akagonga mti, akafa. Alikuwa na miaka 30. Wiki tatu baadaye Ujerumani ikaivamia Poland.

Wajerumani walipoishika Alsace walimlazimisha Ettore auze kiwanda. Aliuza. Vita vilipokwisha, serikali ya Ufaransa ikakishika kama mali ya adui, na yeye akaanza kuhangaika mahakamani. Septemba 1945 Paris ilifanya mbio za kwanza baada ya vita, na Wimille akashinda kwa Bugatti ya kabla ya vita. Dereva mwenzake wa Le Mans 1937, Robert Benoist, hakuwepo. Wanazi walikuwa wamemuua kwenye kambi ya Buchenwald mwaka 1944.

Katikati ya 1947 mahakama iliamua kiwanda kirudi kwa Ettore. Alikuwa taabani kitandani. Agosti 21 akafariki, akazikwa Dorlisheim, jirani na Molsheim, kwenye makaburi ya familia alikolala Jean.

FRIJI MBILI NA PAUNI MILIONI 5.5

Royale ya yule daktari Fuchs ilivuka bahari na mwenyewe hadi New York. Majira ya baridi, maji yaliyoachwa ndani ya injini yakaganda. Maji yakiganda hutanuka, na bloku la lita 12.7 likapasuka. Gari likatupwa kwenye yadi ya vyuma chakavu. Hapo ndipo Charles Chayne, mhandisi wa Buick, alipoliona katika miaka ya 1940. Akalinunua kwa kama dola 400, bei ya skrepa, akalirudisha barabarani na kabureta nne badala ya moja. Leo limo kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford.

Royale za familia zilikuwa zimefichwa wakati wa vita, zikajengewa ukuta. Mwaka 1950 binti wa Ettore, L'Ébé, aliuza mbili kati ya hizo kwa Mmarekani Briggs Cunningham, mtu wa mbio za magari. Bei iliyosimuliwa hadi leo ni kama dola 571 kwa kila moja, na juu yake friji mbili mpya za General Electric. Usicheke. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na friji ilikuwa mali. Mwaka 1987 moja ya hizo mbili, iliyovikwa bodi na Kellner, ilipigwa mnada kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Nyundo ikagonga kwenye pauni milioni 5.5.

Lita ni zile zile 12.7. Nguvu haikuongezeka hata ya farasi mmoja.

Hapa shabiki wa soka ana somo lake tayari. Mwaka 2022 jezi aliyovaa Diego Maradona dhidi ya England, Kombe la Dunia 1986, iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni saba. Kabla ya mnada, upande wa familia ulidai kwamba hiyo ni ya kipindi cha kwanza, na mabao yote mawili aliyafunga kipindi cha pili. Kitambaa kile kile, namba 10 ile ile, lakini kama ni ya kipindi cha kwanza bei inaporomoka. Wenye mnada wakachukua picha za mechi na kulinganisha mshono kwa mshono.

Wanaonunua injini za Bugatti hufanya kazi hiyo hiyo. Mwili wa aluminiamu wa injini una miguu inayoshika chasisi, na kwenye mguu kiwanda kiligonga namba ya injini na ya gari. Namba ziligongwa pia kwenye giaboksi na kwenye ekseli. Zote zikikutana, na makaratasi ya mbio yakikutana nazo, bei inapaa. Namba ikionekana imesagwa na kugongwa upya, mnunuzi anafunga mkoba. Kuna injini ambazo mwili ni wa kale na bloku limemwagwa juzi, hizo zinauzwa, ila kwa bei ya chini. Na kule Argentina kwa akina Maradona, mji wa Paraná, kuna karakana ya Pur Sang inayounda Type 35 mpya kuanzia nati ya kwanza. Zinanguruma na kukimbia kama za mwaka 1926, na hata jicho zoefu hutaabika kuzitofautisha kwa mbali. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya gari lililowahi kupanda milima ya Targa Florio.

Injini zilizotoka kwenye treni nazo zimepata wenyewe. Mabehewa yalipostaafishwa katika miaka ya 1950, mengi yalikatwakatwa, na baadhi ya injini zilizonusurika zikawekwa kwenye nakala za Royale. Kwa mizani ya wanunuzi injini hizo zipo katikati, kwa sababu Molsheim ndiyo iliyozimwaga na chuma ni cha Ettore mwenyewe, ila hazikuwahi kukaa chini ya yule tembo.

Mji wa Mulhouse, kusini mwa Molsheim, una makumbusho mawili. Kwenye la magari zimo Royale mbili za asili, moja ikiwa ile ambayo Ettore aliitumia mwenyewe. Kwenye la treni limo behewa la mwisho lililobaki kati ya 88. Watalii hupiga foleni kwenye la magari.